Hakulishwa Kitu

Na Mama Neema

Jumamosi nilikwenda kuzika kijijini, mteremkoni mwa Kilimanjaro, nikarudi na hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Marehemu ni shemeji wa jirani yangu, mwanamume wa miaka 54. Kaburi halijafukiwa vizuri, wanawake wawili nyuma yangu wakaanza: "Alilishwa huyu." Macho yote kwa mjane.

Hakulishwa kitu. Niliwaambia palepale, na mnaonisoma kila wiki mnajua kuwa mimi hata msibani sinyamazi.

Krismasi iliyopita alikwamwa na kipande cha nyama. Wakampiga mgongoni, wakacheka, yakaisha. Baadaye ndizi za kuchoma zikagoma kushuka, ugali akawa anausukuma kwa maji, tonge kwa bilauri. Ikabaki mtori. Mtori nao ukawa mzito, ukachujwa. Mkanda wa suruali ulitobolewa matundu mapya mara tatu. Muda wote huo alimeza dawa za vidonda vya tumbo kutoka dukani, akaombewa, akapelekwa kwa mganga aliyemtajia adui. Alipokuja kupigwa kamera hospitalini, umio ulikuwa karibu umeziba kwa uvimbe. Akawekewa kijibomba ili angalau uji upite.

Saratani ya umio ndivyo ilivyo. Njia ya chakula inavutika, kwa hiyo uvimbe hukua kimya, na mtu anapoanza kukwama mara nyingi umeshaenea. Huko Ulaya wengi huipata kwa kiungulia cha miaka mingi na unene. Aina iliyotuandama sisi, kuanzia Ethiopia, Kenya na Tanzania hadi Malawi na Afrika Kusini, hufuata tumbaku, pombe, meno mabovu na moshi wa kuni. Bomet, Kenya, imewakuta hata vijana wasiofika miaka 30. Nani alikwenda kuwalisha wote hao?

Halafu chai! Baada ya mazishi ilitoka kwenye sufuria ikitokota, ikaingia vikombeni, ikaingia kooni. Nikamwambia mzee mmoja, "Baba, isubiri kidogo." Akanijibu, "Mama, chai ikipoa ni maji ya kunawa." Tangu 2016 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi kati ya vitu ambavyo huenda vinaleta saratani hii. Dakika chache za kusubiri hazigharimu hata senti. Nimelisema hili kwenye safu hii hadi mmenichoka, na nitalisema tena.

Mjane yule alimchujia mumewe mtori kila siku, miezi mitano, akimnywesha kwa kijiko. Mliomnyooshea kidole, rudini mkamwombe radhi. Na wewe ambaye nyumbani kwako kuna mtu anasukuma ugali kwa maji, mpeleke hospitali akapigwe kamera wiki hii.