Kutengeneza Nyumba ya Zamani: Kazi Ipi Itangulie?

Oktoba ni mwezi wa furaha kwa wakulima wadogo wa majani chai wa Murang'a, Nyeri na Embu, kwa maana ndipo kwa kawaida malipo ya pili ya mwaka yanapofika. Ndipo pia nyumba nyingi hutazamwa na kuonekana zimechakaa. Taabu ni kwamba fedha na mvua ndogo hufika pamoja, na mwenye nyumba akianza kwa kazi isiyostahili kutangulia, mvua itamlipisha mara ya pili.

Wengi huanza kwa rangi, kwa sababu ndiyo itakayoonwa na wageni wa Krismasi. Ukuta hung'aa majuma machache, kisha alama ya maji hushuka kutoka juu, na rangi huvimba na kubanduka. Fundi hulaumiwa bure. Bati lilikuwa limetoboka tangu mwanzo.

Basi kazi ya kwanza ni paa, na kama fedha zatosha kazi moja tu, na iwe hiyo. Kabla ya kununua bati hata moja, boriti zichunguzwe kwa ncha ya kisu, maana mchwa hula ndani na kuacha ganda zima. Katika mabati, namba 28 ni nene kuliko namba 30, ingawa wanunuzi wengi hudhani kinyume chake. Misumari ipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni maji yapitapo.

Mifereji ya paa na tangi hufuata mara moja. Paa lenye kufunika meta 8 kwa meta 6 hupokea lita 1,200 katika mvua ya milimita 25. Maji hayo yasipokusanywa huanguka karibu na ukuta, huchimba msingi na kurusha tope jekundu juu ya lipu. Kupiga lipu kabla ya mifereji ni kuitayarishia matope mahali pa kukaa.

Hapa kazi na isimame mpaka Januari, jua litakapokausha kuta. Simiti nayo isinunuliwe mapema, kwa kuwa katika ghala lenye unyevu huganda mfukoni. Wakati huu wa kungoja wafaa kwa kupatana na fundi wa umeme na wa mabomba, kwa kuwa nyaya na mabomba ya kupita ukutani hutangulia lipu. Mwenye kukumbuka umeme baadaye atalipa kuupasua ukuta, kisha atalipa kuuziba.

Kuta za udongo zina tabia yake: hutanuka kwa maji na kusinyaa kwa jua, na simiti iliyopakwa juu yake hivi hivi hubanduka vipande vipande. Mafundi wazuri hupigilia kwanza wavu wa kuku juu ya miti ya ukuta, ili lipu ipate kushika. Lipu hiyo inyunyiziwe maji kwa siku 7, na rangi ingoje majuma 4 kamili.

Palipo na ubishi wa haki ni sakafu. Fundi atapenda ije baada ya lipu, isichafuliwe. Lakini mama wa nyumba ajua kwamba funza huzaana katika vumbi la sakafu ya udongo, na miguu ya watoto haiwezi kungojea utaratibu wa fundi. Kama paa ni zima, mama asikizwe: chumba wanacholala watoto kitiwe sakafu kwanza, na wakati wa lipu ifunikwe kwa magunia matupu.

Milango isikatwe kipimo mpaka sakafu imekwisha kukauka, kwa sababu sakafu mpya huinuka juu kuliko ile ya udongo, na mlango uliokuwa sawa jana leo utakwama.