Chuma kizima kisitupwe kwa kukosa mota

Kabla redio hazijaanza kutangaza utabiri wa hali ya hewa, mkulima alitazama angani kujua majira. Kundi dogo la nyota liitwalo Kilimia limepata jina lake kutokana na kazi ya kulima, na wahenga wakaacha usemi kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Kilimia huonekana kwa macho matupu. Lakini anayetaka kukitazama kwa darubini, au kukipiga picha, hukutana na tatizo ambalo wakulima na wafanyabiashara wadogo wanalifahamu vizuri katika shughuli zao. Chombo kipo na chuma chake ni kizima, ila hakina kitu cha kukiendesha.

Tatizo lenyewe ni hili. Dunia inajizungusha, hivyo nyota zinaonekana zikisogea karibu digrii 15 kila saa. Darubini inayoonyesha eneo la nusu digrii tu huivusha nyota kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa dakika mbili, kisha nyota inapotea. Picha ya nyota hafifu huhitaji dakika kadhaa za kutulia, na mkono wa mtu hauwezi kazi hiyo.

Dawa yake ilipatikana zamani. Mwaka 1824 Joseph Fraunhofer wa Ujerumani alikamilisha darubini kubwa ya kituo cha Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, nchini Estonia. Aliiweka juu ya stendi yenye mhimili uliolala sambamba na mhimili wa dunia, kisha akauzungusha mhimili huo kwa mtambo wa saa uliovutwa na uzito unaoshuka. Kanuni hiyo haijabadilika hadi leo. Kilichobadilika ni kiendeshi.

Leo ziko stendi nyingi za darubini, kwa mfano za aina ya EQ5, ambazo zilinunuliwa bila mota. Mwenye nayo ana njia tatu: aendelee kuzungusha kwa mkono, anunue stendi mpya yenye mota na kompyuta yake, au aifunge mota mwenyewe. Njia hii ya tatu imewavutia watu wengi duniani, na hesabu yake inafaa kuangaliwa na kila mwenye mashine, hata kama hajawahi kuona darubini.

Vifaa vyenyewe si vya ajabu. Kuna mota mbili zinazokwenda hatua kwa hatua, za aina ileile inayotumika kwenye printa za kuchapa vitu vya plastiki. Kuna mikanda ya meno na puli zake, vipande vya bati nene vya kushikia mota, bodi yenye kompyuta ndogo ya chipu moja, na betri ya volti 12 kama ile ya gari au ya umeme wa jua. Bodi za aina hiyo zilienea kwa watu wa kawaida baada ya mradi wa Arduino kuanza mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005. Programu za kuendesha stendi, kama ile ya OnStep, zinapatikana bure na mtu anaruhusiwa kuzibadilisha.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Mota huzunguka mara moja kwa hatua 200, na kiendeshi chake huigawa kila hatua mara 16. Puli hupunguza mwendo mara tatu, na gia ya parafujo ya stendi ya EQ5 ina meno 144. Zidisha zote, utapata hatua 1,382,400 kwa mzunguko mmoja wa stendi. Dunia humaliza mzunguko wake kwa kulinganisha na nyota katika saa 23, dakika 56 na sekunde 4, yaani sekunde 86,164. Kwa hiyo mota inatakiwa kupiga hatua 16 hivi kila sekunde. Mwenye kubadili puli au gia hubadilisha tarakimu moja kwenye programu, basi.

Hapa ndipo penye somo la kwanza. Mashine nyingi zinazoletwa kutoka nje zimepimwa kwa mahitaji ya huko zilikotoka. Mhimili wa stendi ya darubini huinuliwa kwa kadiri ya umbali wa mahali kutoka ikweta. Nairobi iko digrii 1.3 kusini mwa ikweta, na Dar es Salaam karibu digrii 6.8, hivyo mhimili unatakiwa ulale karibu kabisa. Stendi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani hazishuki hadi hapo. Aidha, kusini mwa ikweta mota hugeuzwa izunguke upande mwingine.

Mwenye stendi mpya ya bei kubwa anaweza kukwama hapohapo, wakati jirani yake anayeielewa stendi yake kuukuu anakwenda kwa fundi wa kuchomelea, anatengenezewa kabari ya chuma ya kuiinamisha, kisha anageuza mwelekeo kwenye programu. Aliyenunua amelipia chombo, lakini aliyejifunza anamiliki na ujuzi wa kukirekebisha.

Hata hivyo, si kila chuma kinastahili kufungwa mota. Parafujo ya stendi hiyo huzunguka mara moja kwa karibu dakika kumi. Ikiwa imekatwa vibaya au imelika, nyota itayumba kila dakika kumi hata mota ingekuwa ya dhahabu. Gia mbovu haitibiwi na mota. Kabla ya kununua waya wowote, mwenye mashine anapaswa kuifungua, kuondoa grisi iliyoganda, kukaza palipolegea na kujiridhisha kwamba chuma ni kizima. Vinginevyo ataongeza gharama mpya juu ya hasara ya zamani.

Vilevile makosa madogo hula fedha. Anayechomoa waya za mota wakati umeme unapita anaweza kuunguza kiendeshi mara moja. Asiyerekebisha kiasi cha umeme kinachokwenda kwenye mota huishia na mota iliyochemka au inayoruka hatua. Kwa sababu hiyo bajeti yoyote ya kazi hii lazima iwe na fungu la kuharibikiwa.

Sasa tuje kwenye fedha. Watu wengi wanapolinganisha njia hizi hutazama bei ya vifaa tu, wakasahau muda. Tuchukue mfano wa kufundishia, si bei ya soko. Tuseme stendi mpya yenye mota inagharimu sehemu 100. Vifaa vya kujifungia mwenyewe ni sehemu 25, usafiri na ushuru 5, fundi wa chuma 5, na fungu la kuharibikiwa 10. Jumla ni 45, na mtu atafurahi kwamba ameokoa zaidi ya nusu.

Lakini kazi ya kwanza inaweza kumchukua saa 40 za kusoma, kukosea na kurudia. Kama saa yake moja ina thamani ya sehemu moja, gharama halisi ni 85, na faida imekuwa ndogo. Kama saa yake ina thamani ya sehemu mbili, gharama ni 125, na ingekuwa heri angenunua mpya. Huu ndio ukweli ambao wapenda ufundi hawapendi kuusema.

Mambo hubadilika kwenye stendi ya pili. Tuseme saa zimeshuka hadi 10, na fungu la kuharibikiwa limekuwa 5. Hata kwa thamani ileile ya sehemu mbili kwa saa, gharama ni 60 badala ya 100. Maana yake, kifaa cha kwanza ni karo ya shule na faida huanza na cha pili. Ufundi wa aina hii humlipa yule anayeurudia, si anayeufanya mara moja na kuuacha.

Ni wachache sana miongoni mwa wasomaji wa kurasa hizi wenye darubini, lakini wengi wana kuku. Mayai yaliyo kwenye mashine ya kutotolesha yanatakiwa kugeuzwa mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18, na vifaranga hutoka siku ya 21. Mota ileile na bodi ileile vinaweza kuinamisha trei za mayai kwa saa zilizopangwa, mwenye mashine akiwa shambani au sokoni. Sanduku na trei zikiwa nzima, kinachokosekana ni kiendeshi tu.

Mipaka nayo isemwe. Mota hizi ni ndogo na haziwezi kusukuma mashine ya kusaga. Hata paneli ya umeme wa jua, ambayo ingeweza kuzungushwa kulifuata jua kwa kanuni ya darubini, mara nyingi haihitaji gharama hiyo. Paneli zimeshuka bei, na kwa mtumiaji mdogo kuongeza paneli ya pili ni rahisi kuliko kutunza mota na gia juu ya paa. Mhasibu mzuri hujua pia kazi ya kukataa.

Kwa hiyo ushauri unaofaa si kwamba kila mtu ajifungie mota mwenyewe. Ni kwamba ujuzi huu uwekwe mahali pa kutumiwa na wengi. Kikundi cha wafugaji kumi wenye mashine za kutotolesha hakina haja ya watu kumi wanaojifunza kwa kuunguza bodi kumi. Kinahitaji fundi mmoja, pengine kijana wa redio na simu aliyepo pale sokoni, alipiwe karo ya kifaa cha kwanza kwa makubaliano kwamba vile tisa vitafuata kwa bei nafuu.

Vyuo vya ufundi navyo vina nafasi yao. Mwanafunzi wa umeme anayeweza kuifanya stendi kuukuu ifuate nyota moja kwa nusu saa bila kuipoteza amejifunza gia, hesabu, umeme na programu kwa pamoja. Mtihani huo haudanganyiki, kwa kuwa nyota ama imo ndani ya darubini ama haimo.

Mwenye mashine iliyosimama, kabla ya kuiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ajiulize maswali matatu. Je, chuma chake ni kizima? Je, kinachokosekana ni kiendeshi tu? Je, kuna wengine wenye mashine kama hiyo wa kugawana nao gharama ya kujifunza? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, asiiuze. Likiwa hapana hata mara moja, aanze kuweka akiba ya kununua mpya.