Deni Huzaliwa Siku ya Neema

Mjini Rumonge watu hawabishani kama wana madeni. Wanabishana kwa nini wanayo. Mvuvi ana sababu yake, mkulima wa michikichi ana yake, mwalimu na mama muuza ndagala (dagaa) nao wana zao. Nyingi zina chembe ya ukweli, ndiyo maana hazifi. Lakini karibu zote zinatafuta chanzo cha deni katika siku za njaa, na hapo ndipo zinapopotea. Kwenye mwambao huu wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, pesa huja kwa mikupuo, na deni kwa kawaida huzaliwa siku ya neema: usiku ndagala walipojaa, wiki mawese yalipouzwa, siku mshahara ulipoingia. Siku ya dhiki linakuja kudai tu. Anayetaka kubana matumizi hana budi kuanzia siku hiyo ya neema. Nizijibu hoja moja baada ya nyingine.

Hoja ya 1: "Hatutumii ovyo, bei ndizo zimetuua."

Nusu ya hoja hii siipingi. Mwaka 2022 bei nchini Burundi zilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 19, na mwaka 2023 zikapanda tena kwa takriban asilimia 27. Mei 2023 thamani rasmi ya faranga ilishushwa kwa kiasi kikubwa mbele ya dola. Mfanyakazi ambaye mshahara wake haukukimbia kwa kasi hiyo alipunguziwa kipato bila kuandikiwa barua. Kwa hiyo anayemwambia mama wa watoto watano apunguze sukari ili atoke kwenye deni hajui anachokisema.

Lakini chukua karatasi uorodheshe unayodaiwa, kila deni na kilichokufanya ukope. Tenga mafungu mawili: deni la chungu na deni la macho. La chungu ni unga, maharage, sabuni, dawa, ada ya shule. La macho ni simu mpya, kitenge cha sare, kreti za bia, harusi iliyopambwa kuliko ya jirani. Mistari ya chungu huwa mingi, kila mmoja na kiasi chake kidogo. Ya macho huwa michache, lakini mmoja wao waweza kuzidi ile mingine yote ukiijumlisha. Mfumuko wa bei umelinenepesha deni la chungu. La macho umelikuta tayari limekaa sebuleni. Bei zikipanda, kulibana la macho kunazidi kuwa lazima. Haziwezi kuwa udhuru wa kuliacha.

Hoja ya 2: "Ziwa halinyimi, kesho litatoa."

Linatoa, lakini kwa kalenda yake. Wavuvi wa ndagala huwavuta samaki kwa taa, na taa hushinda usiku wa giza tu. Mbalamwezi ikikomaa, mwanga wa taa humezwa na wavu hurudi mtupu, basi vyombo hubaki mchangani siku kadhaa. Jambo hili hutokea kila mwezi tangu enzi za karabai, na hakuna mvuvi asiyelijua. Juu ya hayo kuna mapumziko marefu zaidi: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilikubaliana kulipumzisha ziwa ili samaki wazaane, na Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Miezi mitatu bila wavu si ajali. Ina tarehe, na tarehe hupangiwa.

Tazama asubuhi moja baada ya usiku wa giza. Ndagala wameuzwa, gharama za mafuta na betri zimetolewa, mgao umepita kati ya mwenye chombo na wavuvi wake. Kabla jua halijapanda kila mtu ana noti mkononi, na mishikaki iko hatua chache kutoka hapo. Tuseme mvuvi anapata faranga 10,000 kwa kila usiku wa kazi, na anafanya kazi usiku 20 katika mwezi. Hiyo ni 200,000. Akiigawa kwa siku 30, riziki yake halisi ni kama 6,700 kwa siku. Akitumia 10,000 kila siku, siku kumi za mwisho atakula kwa mkopo wa 100,000, na atasema mbalamwezi imemkopesha. Mbalamwezi haina kosa. Deni lile alilitengeneza mwenyewe katika zile asubuhi alizojiona tajiri.

Hoja ya 3: "Benki inakuzungusha, Banque Lambert inakupa."

Inakupa kweli, tena jioni hiyo hiyo. Banque Lambert haina jengo wala kibao. Ni jina ambalo Warundi wamewapa wakopeshaji wa mitaani wanaofanya kazi bila kibali cha benki kuu, BRB. Mwalimu au askari hupokea pesa na kuacha kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, mdai ndiye anayetangulia kuutoa, na mwenye jasho hupewa kinachobaki. Hapo mtu ameweka rehani mshahara wenyewe, na mwezi unaofuata hana njia ila kukopa tena.

Riba huhesabiwa kwa mwezi. Tuchukue zile 100,000 za mvuvi wetu kwa asilimia 20 kwa mwezi. Akilipa riba tu bila kugusa deni lenyewe, mwaka ukiisha ametoa 240,000 na bado anadaiwa 100,000 zile zile. Asipolipa kitu na riba ikazaa riba, baada ya miezi 12 anadaiwa zaidi ya 891,000. Kwa deni la namna hiyo, kuacha soda hakusaidii kitu.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakutaja lipi lilipwe kwanza. Lenye riba kubwa ndilo la kwanza, hata kama mdai wake ni mpole na mwenye duka ndiye anayekupigia kelele. Kila faranga unayoibana iende huko, wengine uwape kidogo kidogo wasikuone umewatoroka. Ukipata mkopo wa Coopec, ushirika wa akiba na mikopo, wenye riba nafuu ili ulifute deni la Lambert, ni biashara nzuri kwa sharti moja: kadi yako irudi mkononi siku hiyo hiyo. Na ukielemewa, mwendee mdai kabla ya tarehe, mbele ya bashingantahe (wapatanishi wa jadi) au wazee wa mtaa, mkubaliane jumla isiyoongezeka tena na muiandike. Kwa Waislamu wa mwambao hili si geni: Surat al-Baqara inaagiza deni liandikwe, na mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda.

Hoja ya 4: "Faranga inashuka kila kukicha, kwa hiyo anayekopa ndiye mjanja."

Hii ni hoja ya wasomi, na hupendwa na watu waliokwisha kukopa. Wanasema: nimekopa pesa yenye nguvu, nitalipa karatasi. Ingekuwa kweli kama riba ingekuwa chini ya mfumuko wa bei na kama kipato kingepanda pamoja na bei. Linganisha basi. Asilimia 27 ya mwaka 2023 ni ya mwaka mzima. Asilimia 20 ya Lambert ni ya mwezi mmoja. Katika mbio hizo mkopeshaji anaushinda mfumuko kabla mwezi wa pili haujaisha.

Kuna na mtego mwingine. Wanunuzi wa mazao wanajua vyema kwamba faranga inashuka, basi hawakukopeshi kwa faranga. Wanakupa pesa leo, wewe unalipa kwa mavuno ambayo yangali shambani; Warundi huuita mtindo huo umurwazo. Mkulima anayeahidi bido (madumu) kumi za mawese kabla ya msimu atadaiwa bido kumi hata kama bei ya mawese imepanda mara mbili. Faida yote ya kupanda kwa bei imekwenda kwa mnunuzi. Kama kuna mjanja katika mkataba ule, si aliyekopa.

Hoja ya 5: "Mchango wa harusi si matumizi, ni akiba. Nikitoa leo, nitarudishiwa."

Ni desturi nzuri, na hakuna anayetaka mtu azikwe au aolewe peke yake. Lakini kuiita akiba ni kujidanganya. Akiba unaichukua unapoihitaji. Mchango unarudi siku una sherehe, tena ukirudi unaondoka na sherehe hiyo hiyo. Mtu anayedaiwa hawezi kwenda kwa bwana harusi wa juzi kuomba chake amlipe mwenye duka. Isitoshe, faranga 50,000 zilizotolewa mwaka 2021 na kurudishwa 50,000 mwaka 2023 zilinunua kitu cha kama 33,000 tu za mwanzo, maana kwa miaka hiyo miwili bei zilipanda kwa nusu. Hata anayerudishiwa kwa uaminifu amepata hasara.

Mbaya zaidi ni kukopa ili uchange. Kukopa harusi, kulipa matanga: unakopa ngoma zikilia, unalipa uso umekunjamana. Na Burundi matanga nayo yana karamu yake, maana kuganduka, sherehe ya kuhitimisha maombolezo, huweza kuilazimu familia iliyofiwa kukopa mara ya pili.

Dawa si kukata mchango wote. Weka kiwango chako mwanzoni mwa mwaka, kwa jumla na si kwa kila kadi ya mchango, kisha kigawe. Kiwango kikiisha, toa mikono: kupika, kubeba viti, kulaza wageni. Na jibu mapema. Kamati ya harusi hukasirishwa zaidi na ahadi kubwa isiyolipwa kuliko mchango mdogo uliofika kwa wakati. Aibu ya kutoa kidogo haizidi wiki moja; ya kudaiwa hukaa miaka.

Hoja ya 6: "Akiba ya nini? Si mliona yaliyozikuta noti mwaka 2023?"

Tuliona. Juni 2023 BRB ilitoa noti mpya za 5,000 na 10,000, ikawapa watu siku kumi kuzirudisha za zamani. Waliokuwa na mafungu ndani ya magunia walihangaika, na tangu hapo wapo wanaosema bora ule chako kabla hakijageuka karatasi.

Somo la Juni ile lilihusu mahali pa kuweka akiba. Wao wamelisikia kana kwamba limekataza akiba yenyewe. Aliyekuwa na 20,000 hakuwa na mengi ya kupoteza. Aliyeumia zaidi ni aliyelundika pesa nyingi nyumbani. Kwa mwenye deni jibu ni jepesi zaidi: mahali pake bora pa kuweka pesa ni ndani ya deni lake. Kila 10,000 inayopunguza deni la asilimia 20 inamwokolea 2,000 kila mwezi, na hakuna tangazo la benki kuu litakaloifuta faida hiyo. Abakize kiasi kidogo tu cha dharura, ili mtoto akipata homa asirudi kwa Lambert.

Hoja ya 7: "Mimi niko kwenye kikundi, nimeshatoka."

Vikundi vya Nawe Nuze, vilivyoenezwa Burundi na shirika la CARE, na vingine vya mfano huo vimewasaidia wengi. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, kila mtu ananunua hisa mbele ya wenzake, na riba ya mikopo hurudi kwa wanachama wenyewe. Ni utaratibu bora kuliko ahadi ya mtu kwa nafsi yake.

Ila sanduku halichagui matumizi. Anayekopa humo kununua sare ana deni la macho kama lile la kwanza, tofauti ni kwamba sasa wanaomdai ni majirani. Na mwisho wa mzunguko, siku ya kugawana, ndiyo siku ya neema kubwa kuliko zote: mwaka mzima wa kujinyima unafika mkononi kwa mpigo mmoja. Asiyekuwa na orodha ya madeni mfukoni siku hiyo atarudi nyumbani na redio.

Linalobaki

Yapo madeni ambayo kubana matumizi hakuyafikii. Ziwa lilipofurika mwaka 2024 na maji kuingia nyumba za ufukweni, waliokopa kuhama hawakuwa wabadhirifu. Wala si mbadhirifu aliyekopa kumtoa mgonjwa hospitali. Hao wanahitaji ndugu, mfuko wa jamii wa kikundi, na mdai anayekubali kusubiri. Kuwahubiria habari ya bia ni kuwaongezea machungu.

Kwa wengine wote, kazi iko kwenye saa chache baada ya pesa kuingia. Kabla ya kufika nyumbani au kupita kwa mwenye mishikaki, zigawe mafungu matatu: za chungu, zikihesabiwa mpaka mapato mengine yanapotarajiwa, za deni lenye riba kubwa kuliko yote, zikalipwe siku hiyo hiyo, na kidogo cha dharura. Za macho zitokane na kitakachosalia, hata kama ni sifuri kwa msimu mmoja au miwili. Atakayesema hana kabisa cha kupunguza, aulizwe jambo moja tu: siku ya mwisho alipopata, alizifanyia nini?