Mchezo Ukiisha

Watu wengi husema kwamba mwigizaji aliaye mchezo ukiisha ni mpumbavu. Husema, "Alikuwa akijifanya tu. Mfalme hakuwa mfalme, na kifo hakikuwa kifo. Basi analilia nini?" Maneno haya yaonekana kuwa ya akili, walakini si ya kweli, na wengi wayasemao hawajapata kusimama jukwaani hata siku moja.

Chukua mfano wa kijana wa Nyangamara, katika nchi ya Lindi, aliyechaguliwa na mwalimu wake kuwa Kinjeketile. Mchezo huo ulitungwa na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya Kusini, ukachapwa mwaka 1969, na habari yake ni Vita vya Maji Maji vya miaka 1905 hadi 1907. Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu kweli, mkazi wa Ngarambe, kaskazini-magharibi ya Kilwa. Aliwagawia watu maji, akawaambia kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Naye alinyongwa na Wajerumani mwezi wa Agosti mwaka 1905. Vita vikaenea hata nchi ya Wamwera, na misheni ya Nyangao ikachomwa moto mwaka ule ule. Kwa hiyo kijana huyo haigizi habari ya ng'ambo. Wazee waketio mbele yake juu ya mikeka walizipokea habari hizi kwa babu zao.

Kwa muda wa majuma mengi kijana hujifunza maneno yake chini ya mikorosho, jioni baada ya kazi. Hapo kwanza maneno ni ya kitabu tu, naye huyasema kama mtu ahesabuye mawe. Kisha hujifunza kwenda kwa mwendo wa mtu mzima, na kunyamaza kabla ya kujibu, kama wafanyavyo wazee. Kidogo kidogo mtu mwingine huingia na kukaa ndani yake. Huyu mwingine ana uzito. Akisema, wengine hutega masikio. Naye kijana mwenyewe darasani ni wa mwisho katika hesabu, wala hapana mtu aliyepata kunyamaza ili amsikilize yeye.

Usiku wa mchezo ukafika. Mwisho wake Kinjeketile amefungwa, naye atakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, asikubali. Watu wote kimya. Hata watoto wachanga ni kama wamefahamu. Kisha makofi na vigelegele, na taa huzimwa. Asubuhi yake madawati yaliyokuwa jukwaa yamerudishwa darasani, na yule yule aliyewakatalia Wajerumani aitwa ubaoni kugawanya sehemu kwa sehemu. Akosa, na wenzake wacheka kama walivyocheka siku zote.

Je, hakupotewa na kitu? Amepotewa na mtu aliyeishi naye majuma yale yote, ambaye sasa hana mahali pa kukaa. Tena amepotewa na wenzake, na hili labda ndilo kubwa zaidi. Yule aliyekuwa askari, mwenye kumfunga kamba mikononi, hapo kwanza hakuwa rafiki yake. Nyumba zao ziko mbalimbali, na hawakuwa na neno la kusemezana. Lakini kila jioni ya mazoezi askari huyo alimfunga kwa uangalifu, kamba ionekane imekaza na isimwumize, na kila jioni alimwuliza kwa sauti ndogo, "Inauma?" Urafiki wa namna hii haukupangwa na mtu, wala mchezo ukiisha hapana sababu tena ya mmoja kumwuliza mwenziwe neno lile. Watazamaji hawakuiona habari hii. Wao waliona kamba tu.

Wala haya si ya watoto peke yao. Huko Uingereza alikuwako mwigizaji jina lake David Garrick, aliyesifiwa kuliko wote wa zamani zake. Alijipatia sifa London mwaka 1741, na tarehe 10 Juni mwaka 1776 akaigiza mara ya mwisho katika jumba la Drury Lane, naye ana miaka 59. Alikuwa na mali na heshima, wala hakuwa na haja ya kitu. Hata hivyo alipotoka mbele kuwaaga watu machozi yalimshika. Ikiwa mtu mzima, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya kazi hiyo, hakuweza kujizuia, kwa nini kijana wa Nyangamara aambiwe kwamba ni mpumbavu?

Mjomba wake aweza kumwambia, "Mpwa wangu, jana ulikuwa mganga mkuu, leo shika jembe." Mjomba ana haki nusu. Jembe lazima lishikwe, na mtu akataaye kutoka katika mchezo hugeuka kuwa udhia: huenda njiani na fimbo ya Kinjeketile, na kuwajibu mama zake wadogo kwa sauti nzito, mpaka hata waliompigia makofi humchoka. Lakini kushika jembe ni neno moja, na kuchekwa ni neno jingine. Kijana achekwaye kwa huzuni yake, mchezo ujao atautia nusu ya moyo ili asiumie tena, na mchezo wa nusu ya moyo haumfikii mtazamaji. Basi amcheka leo nani? Ni yule yule atakayelalamika mwaka ujao kwamba mchezo ulikuwa baridi.

Wazee wa nchi hizi za Kusini walilifahamu jambo hili zamani. Mambo ya ndani ya jando ni siri, wala si kazi ya kitabu kuyaeleza. Lakini mwisho wake wajulikana na wengi. Katika desturi ya zamani ya Wamakonde na ya Wayao, vijana wakitoka, kambi waliyokaa ilichomwa moto, nao wakaenda zao bila kugeuka nyuma. Walivikwa nguo mpya na kuitwa majina mapya. Waliokula na kulala pamoja siku nyingi hawakuambiwa tu, "Haya, kwisha." Walitiwa mwishoni kwa vitendo, hata mwili ukajua kwamba mambo yale yamekwisha. Mcheza sura ya mapiko pia, ngoma ikiisha, hakuivua mbele ya watu. Alikwenda nayo porini, akarudi mjini kwa njia nyingine, akakaa na watu kama asiyejua kitu.

Kosa, basi, si la kijana. Ni la walimu, ambao huandaa mwanzo wa mchezo kwa majuma mengi na mwisho wake kwa neno moja: "Nendeni mkalale." Yawapasa kuwaachia waigizaji wenyewe kazi ya kubomoa walichokijenga, wala wasiwatume madarasa ya chini kuirudisha samani kabla wenyewe hawajaamka. Hata katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani, mara nyingi jukwaa hubomolewa usiku ule ule wa mwisho. Na wale waliotia unga vichwani ili waonekane wana mvi, wauoshe pamoja kisimani, na kucheka wachekane wenyewe kwa wenyewe, maana kicheko hicho hakina sumu. Somo la hesabu laweza kungoja saa moja. Halikuanza jana.

Kazi ya kutosha ipo. Kuna mikeka ya kukung'uta na taa za kurudisha kwa wenyewe. Ile kamba iliyomfunga Kinjeketile ni kamba ya mbuzi wa watu, na mwenyewe aitaka kabla jua halijawa kali. Afadhali waipeleke wawili, aliyefungwa na aliyemfunga.