Mali Bila Daftari: Pwani Yetu Tuiandike Wenyewe



Leo hatuna mapishi wala mishono. Leo tuna la moyoni, na tutalisema waziwazi.

Kuna maneno yanasemwa barazani na kwenye makundi ya simu kuhusu wanawake wanaojitolea kuorodhesha viumbe na mimea ya kwao. Wanashuka pwani maji yakitoka, wanapiga picha kiti cha pweza, ua la mkandaa, ndege aliyetua kwenye tope, kisha wanaiweka picha hiyo pamoja na siku na mahali kwenye programu kama iNaturalist, ambako watu wa dunia nzima hukusanya kumbukumbu za viumbe. Wanaambiwa hawana kazi. Wanaambiwa wanaiga Wazungu. "Mtu mzima ana mume na watoto, kainama anapiga picha jongoo bahari!" Na wapo wanaosema kwa upole zaidi: mambo hayo waachieni wataalamu.

Sisi tunasema hasha. Kuorodhesha viumbe wa pwani yetu si mchezo, si uzungu, wala si kazi ya kumwachia mgeni. Ni ushahidi. Na ushahidi wa mahali hutolewa na anayepaona kila siku.

Mtaalamu wa pwani ni nani?

Tuanze na hao wanaotaka tuwaachie wataalamu. Wataalamu tunawaheshimu, na bila wao majina mengi yangebaki hayajulikani. Lakini mtaalamu huja wiki mbili, akaondoka. Mwanamke anayechokoa pweza Jambiani au anayefunga mwani Paje yumo majini kila bamvua, mwaka baada ya mwaka. Anajua mwezi ukiandama maji yatakauka kiasi gani. Anajua jiwe lipi lilikuwa na chaza na sasa halina. Anajua majani ya bahari yalifika wapi alipokuwa msichana. Ujuzi huo hauko kwenye kitabu chochote, na akifa unazikwa naye.

Chukueni mikoko. Mpita njia akiona kichaka cha tope husema "mikoko", basi. Mama zetu hawasemi hivyo. Kuna mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyosimama kama miguu ya buibui. Kuna mlilana, unaotangulia mbele kukabili bahari. Kuna mkandaa ulioko nyuma, ambao gome lake hutoa rangi. Kuna mchu, kuna mkomafi. Haya ni majina ya watu waliotazama kwa makini kabla hajaja mtafiti yeyote na boti yake. Programu ya simu inaruhusu kuongeza jina la lugha yoyote kando ya jina la kisayansi. Tusipoyaweka sisi haya ya kwetu, nani atayaweka?

Au chukueni mwani. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na tangu siku za mwanzo mikono iliyokibeba ni ya wanawake. Aina mbili ndizo zinazojulikana zaidi: spinosumu, na kotonii yenye bei nzuri zaidi. Kotonii ilipoanza kupauka, kukatika na kufa, nani aliona kwanza? Aliona aliyekuwa maji ya kiunoni na kamba mkononi. Wapo watafiti waliokwenda kuwasikiliza wakulima hao, na Dk. Flower Msuya, Mtanzania mwenzetu, amefanya nao kazi kwa miaka mingi. Alhamdulillah. Lakini hatuwezi kukaa tunangoja kila mara apatikane mtu wa kuja kutusikiliza. Anayeona kwanza aandike kwanza.

Pasipoandikwa huhesabiwa patupu

Hapa ndipo penye uzito wenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tumezoea kuusoma msemo huo dukani, kwenye deni la unga na sukari. Tuusome pwani sasa.

Anapotaka mtu kujenga hoteli, gati au barabara, sheria inataka tathmini ya athari kwa mazingira. Watu hukaa ofisini wakatazama kumbukumbu: hapa kuna nini, pale kuna nini. Penye kumbukumbu, kuna hoja ya kujibu. Pasipo na kumbukumbu, ramani haisemi "hapa hapakutembelewa". Ramani hunyamaza tu, na mwenye haja ya kujenga husoma ukimya ule atakavyo. Sisi tutasimama mkutanoni tuseme hapa kasa hutaga, hapa pweza huzaliana. Tutaulizwa ushahidi uko wapi. Na kinywa mbele ya karatasi hushindwa, hata kikiwa kinasema kweli.

Kama mnadhani tunatisha watu, mkumbukeni chui wa Unguja. Kisiwa chetu kilikuwa na chui wake. Wakasema ni chui wa kufugwa na wachawi, wakamsaka, wakamuua. Leo kilichobaki ni ngozi chache kwenye makumbusho na hadithi za wazee, na watu bado wanabishana kama yupo aliyesalia msituni au wamekwisha wote. Mnyama mkubwa wa kiasi kile, ametutoka bila daftari! Itakuwaje kwa ndege mdogo? Itakuwaje kwa mti wa dawa ambao ni bibi mmoja tu anayejua unaota wapi?

Na mkitaka habari ya kheri, nendeni Pemba. Popo wa Pemba, yule mkubwa asiyepatikana popote duniani ila kisiwani humo, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa ukingoni mwa kutoweka. Waliombadilishia hali hawakuwa maprofesa peke yao. Wanavijiji waliunda vikundi, wakalinda miti anayolala, wakakataza uwindaji, wakamhesabu. Kidike ni pahala pamoja panapojulikana kwa kazi hiyo. Popo wale leo ni maelfu. Hao waliokaa chini ya miti wakihesabu popo waliambiwa pia hawana kazi, mnadhani hawakuambiwa?

Kwa wanaosema si stara

Kuna wanaotuletea dini. Tunawajibu kwa dini, na kwa adabu.

Mwenyezi Mungu alipomuumba baba yetu Adam, alimfundisha majina. Kujua viumbe kwa majina yao ni katika elimu ya mwanzo kabisa aliyopewa mwanadamu. Ndani ya Qur'ani kuna sura iliyopewa jina la nyuki, nyingine la sisimizi, nyingine la buibui. Mola hakuona haya kuvitaja vidudu hivyo, nasi tuone haya kuviinamia? Tumefundishwa kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi. Khalifa gani asiyejua aliachiwa nini?

Kisha tuulizane kwa haki. Mwanamke akishuka pwani na ndoo kuchokoa pweza wa futari, hakuna anayesema si stara. Akirudi amelowa hadi magotini na mwani kichwani, anasifiwa kuwa mchapakazi. Stara inakumbukwa akishika simu tu! Basi tatizo si pwani wala si nguo. Tatizo ni kuwa mwanamke anaandika jambo, tena analiandika kwa jina lake.

Hofu za kweli zipo, na hizo tunazikubali. Usiende peke yako mahali pa mbali, nendeni wawili watatu. Usipige picha ya mtu, hasa wanawake wenzio waliojikunja kanga majini. Usioneshe mahali pa nyumba yako, kwani programu hizi zina namna ya kuficha mahali halisi pasionekane na kila mtu. Haya yote yanawezekana bila kuiacha kazi.

Kwa wanaotugeuza vibarua vya bure

Tusiwaseme majirani tukawaacha wenye magari. Kuna miradi inakuja visiwani na neno tamu: kujitolea. Mafunzo siku mbili, fulana, picha ya pamoja, fomu za kujaza. Kina mama wanahesabu, wanapima, wanaandika, jua la saa saba kichwani. Mradi ukimalizika, ripoti inatoka kwa Kiingereza, inakaa kwenye meza ya mji mwingine, na ndani yake kina mama wametajwa kwa neno moja: "jamii". Hata shehia yenyewe haipati nakala.

Kujitolea ni sadaka, na sadaka haichukuliwi kwa ujanja. Kwa hiyo tunadai, na dai letu halina ukali usiostahili:

Kwanza, anayeona ndiye mwenye kumbukumbu. Jina lake liandikwe, kama mwenyewe ameridhia.

Pili, matokeo yarudi kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya waliokusanya, kina mama waulize na wajibiwe.

Tatu, bando na nauli si hisani. Mtu asijitolee muda wake kisha alipie na intaneti.

Nne, si kila kitu ni cha kutangazwa. Kiota cha kasa, mti wa dawa, mahali anapolala popo, haya yaandikwe kwa kufichwa mahali pake. Mwenye kisiwa ndiye wa kusema kipi kifunguliwe.

Atakayekubali haya manne, karibu. Asiyekubali, kumbukumbu tutaziweka wenyewe. Programu ni za bure, na picha haiulizi kama mpigaji ana shahada.

Na kwa sisi wenyewe

Daftari ni amana. Ukitia chumvi ndani yake limeharibika, na atakayeliharibu atakuwa amewapa hoja wale wanaotucheka. Andika ulichokiona, siyo ulichosimuliwa. Asumini na mlangilangi wa uani kwako ni vizuri, lakini vimepandwa, basi sema vimepandwa. Jiwe uliloligeuza lirudishe lilivyokuwa, maana chini yake kuna wenyewe. Kombe lililo hai liache lilipo.

Usidharau cha kila siku pia. Watu hukimbilia cha ajabu, wakamwacha kunguru. Kunguru huyu aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, akazaana, na leo anakula mayai na makinda ya ndege wetu wa asili. Kumwandika alipo na asipokuwapo ni faida. Vivyo hivyo ninga wa Pemba na chozi wa Pemba, ambao hawako pengine duniani. Mtoto wa Pemba anawaona kwenye mti wa jirani akidhani kila nchi inao.

Kazi yenyewe haihitaji usomi. Picha iliyo wazi, siku, mahali. Hulijui jina? Andika lile analotumia bibi yako, au acha wazi. Watu wengine watapendekeza, na wakikubaliana zaidi ya theluthi mbili juu ya kiumbe wa porini, kumbukumbu hiyo hupanda daraja na inaweza kutumiwa na watafiti popote walipo. Kwa njia hiyo picha ya mama wa Makunduchi inasimama sawa na ya profesa, kwa sababu aliona, na alionesha alichokiona.

Tunaambiwa tuwaachie watoto wetu elimu, tuwaachie nyumba, tuwaachie dhahabu kidogo. Vyema. Na pwani je? Tutawaachia pwani ambayo hakuna ajuaye ilikuwa na nini, ili wakinyang'anywa wasijue hata wamenyang'anywa kitu gani?

Bamvua lijalo, shukeni. Kila mmoja aandike vitu vitano tu, kwa jina la Kiswahili. Wewe uliye shamba andika miti ya shamba, na uliye mjini tazama juu ya paa, ndege wapo. Mwenye simu amwazime asiye nayo. Mwenye macho mabovu ataje majina, mwenye macho mazuri apige picha. Mabinti wakae na bibi zao waulize: huu mnauitaje, na zamani ulikuwa wapi?

Wa kucheka wacheke. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe mashahidi wa kweli wa alichotuamini nacho, na atuhifadhie visiwa vyetu na vilivyomo. Amin.