Daftari la Wiki: Njia Moja kwa Mgeni na Mwenyeji

Januari 29, 2016, helikopta iliyokuwa ikifuatilia majangili katika Pori la Akiba Maswa ilipigwa risasi kutoka ardhini na rubani wake, raia wa Uingereza, akapoteza maisha. Pori hilo sasa linahesabiwa kuwa la Mkoa wa Simiyu, lakini hadi mwaka 2012 wilaya zinazolizunguka zilikuwa za Shinyanga. Habari ilizunguka dunia, na watuhumiwa wakatiwa mbaroni ndani ya siku chache. Ilikuwa haki yake marehemu kutafutiwa wauaji kwa kasi ile, na sitaki mtu anisome vinginevyo. Swali langu linarudi nyuma zaidi: bunduki ile ilikuwa imeishi porini muda gani kabla haijamfikia? Mwaka 2009 Tanzania ilihesabu tembo 109,051; mwaka 2014 ikahesabu 43,330. Kwa miaka mitano, basi, silaha zilipita vijijini, zikalala kwenye nyumba za watu, wenye nazo wakapikiwa ugali, kwa hiari au kwa vitisho. Wanakijiji waliijua hatari ile muda mrefu kabla rubani hajapaa juu yake. Ndiyo maana nasema usalama wa mgeni hautengenezwi peke yake. Unasimama juu ya usalama wa wenyeji, na pale usalama wa wenyeji unapokosekana, ulinzi maalumu wa mgeni ni paa lisilo na nguzo.

Juhudi zilifanyika, hilo halina ubishi. Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza ili kuwasaka majangili, na ndani ya majuma machache ikalazimika kuisimamisha. Kamati ya Bunge iliyopeleka taarifa Desemba ya mwaka huo iliongozwa na James Lembeli, mbunge wa Kahama, mtu wa huku huku Shinyanga. Ilisimulia raia walioteswa, mifugo iliyopigwa risasi, watu waliokufa mikononi mwa waliotumwa kuwalinda tembo. Mawaziri wanne wakaondoka. Kumbukumbu ya siasa imebaki na mawaziri hao, lakini mimi namfikiria zaidi mfugaji wa Meatu au Bariadi. Macho yake ndiyo yanayoona nyayo ngeni kando ya lambo asubuhi, kabla ya doria yoyote kufika. Mtu aliyepigwa mbele ya wanawe hatampigia simu aliyempiga kumwambia kwamba jana usiku wamepita watu watatu wenye mzigo mrefu uliofungwa kwenye gunia. Sisemi kwamba Tokomeza ilisababisha kifo cha mwaka 2016. Ushahidi wa hilo sina. Nasema operesheni iliyokusudiwa kuongeza macho porini ilimpa mwenye macho sababu ya kuyafumba.

*

Kanda hii ya Shinyanga na Geita ina historia ya kujilinda ambayo haikuletwa na mtu kutoka nje. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilisambaa, wizi wa ng'ombe ukageuka ujambazi wa mtutu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya mpakani mwa Kahama na Nzega, wanaume wakajipanga. Ndipo ilipozaliwa sungusungu. Vifaa vyake vilikuwa upinde, podo la mishale na filimbi. Filimbi moja ikilia boma la kwanza, la pili linaitikia, mwano, ukelele wa hatari, unapigwa, na kabla ng'ombe hawajavuka mto njia zote zimeshakaliwa. Asiyetoka kuitikia alitozwa faini. Mkaidi alitengwa, haombwi wala haombi, hapewi hata kaa la moto jirani. Serikali iliwatazama kwa wasiwasi, ikawakubali, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikawapa nafasi rasmi. Utaratibu ule ulifanya kazi kwa sababu aliyelinda njia ndiye aliyeitembea. Mzungu wa misheni, mhandisi au mwalimu wa kujitolea aliyepita njia hiyo baadaye hakuwa na mlinzi wake mwenyewe, akafika salama kwa filimbi isiyopulizwa kwa ajili yake.

Msomaji makini atanikatiza hapa, na ana haki. Sungusungu hao hao walipiga watu hadi kufa, wakahukumu bila ushahidi, na baadhi yao waliwasumbua na kuwaua akina mama wazee waliosingiziwa uchawi. Ni kweli, na ukweli huo unauma kuliko mwingine wote katika historia ya Usukuma. Lakini tuutazame kwa karibu. Bibi anayeitwa mchawi kwa sababu ana macho mekundu, macho hayo ameyapata jikoni. Miti ilipokwisha Shinyanga, kuni zikawa adimu, watu wakapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na aliyekaa na moshi huo miaka 50 kwenye kibanda kisicho na dirisha ni yeye. Aliwapikia wanawe na wajukuu, na wekundu ule wa kuwalisha ukawa hati ya kumkata mapanga. Tangu mwaka 2007 yakaongezeka mauaji ya watu wenye ualbino, na nyuma yake kulikuwa na waganga wanaouza viungo kwa watafuta utajiri wa ziwani na machimboni. Mwandishi Vicky Ntetema alipoyafichua mwaka 2008 ilibidi ajifiche, naye ni Mtanzania mwenzetu. Januari 2009 serikali ilifuta vibali vya waganga, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, ikawahukumu watu watatu kifo. Hadi leo Buhangija, mjini Shinyanga, ni jina la mahali ambako watoto wenye ualbino waliletwa kulala kwa amani kwa sababu nyumbani kwao haikuwezekana. Pingamizi hili halivunji hoja yangu, linaizamisha chini zaidi. Mahali ambapo bibi anaogopa kugongewa mlango usiku si mahali salama, hata kama mwaka mzima hakuna mgeni aliyeguswa.

*

Pingamizi la pili huletwa na watu wa uchumi. Watalii, wanasema, walizidi milioni 2 mwaka 2024. Tukio moja la damu laweza kufuta safari maelfu. Kwa hiyo lazima mgeni alindwe kwa namna ya pekee. Wanatoa mfano wa Bwindi, Uganda, na mimi naupokea. Machi 1, 1999, waasi wa Interahamwe waliovuka kutoka Kongo waliwaua watalii 8 waliokwenda kuona sokwe wa milimani. Jeshi likaletwa kusindikiza wageni, na wageni wakarudi. Lakini asubuhi ile aliuawa pia Paul Wagaba, ofisa wa hifadhi, Mganda, na masimulizi mengi hayamkumbuki. Oktoba 2023, ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, wanandoa wageni waliuawa katika fungate yao, na pamoja nao kiongozi wao wa safari, Mganda tena. Mwenyeji yuko pale pale, kwenye usukani au mbele ya msafara, na risasi haimruki. Halafu kuna sehemu ya pili ya habari ya Bwindi, isiyosimuliwa na wanaopenda vifaru vya jeshi: sheria ya Uganda ya mwaka 1996 iliagiza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudi kwa jamii zinazoizunguka. Askari analinda lango, lakini kijiji kinaweza kulinda msitu kikiwa na sababu ya kufanya hivyo.

Na kama kipimo ni fedha za kigeni, basi tukitumie bila upendeleo. Dhahabu na utalii ndivyo vinavyoongoza kuiingizia nchi fedha hizo. Mwanaapolo wa Nyarugusu, Geita, anayeshuka kwenye duara la mgodi akiwa na tochi kichwani, na mama wa Mgusu anayeponda mbale, mawe yenye dhahabu, kando ya karasha, wanaileta dola ile ile inayoletwa na mwenye kamera Serengeti. Kwa miaka mingi mwenye dhahabu alitembea nayo mfukoni, gramu chache zilizochomwa kwa zebaki, akamtafuta broka ambaye naye alibeba noti kwenye mkoba. Wote wawili walikuwa windo. Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, mchanga wenye madini, na mjadala wa nchi ukahamia kwenye makontena yake, huku roba za barabara ya machimbo zikiendelea. Kisha Machi 2019 likafunguliwa soko la dhahabu Geita: mzani mezani, ofisa wa Tume ya Madini pembeni, mrahaba wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, risiti, na muuzaji anaondoka na malipo yake mchana kweupe. Lilianzishwa kwa ajili ya mapato. Kwa maoni yangu faida yake ya pili ni kubwa vile vile: biashara ile imetolewa gizani ikawekwa mbele ya mashahidi. Jambazi anayempungukia mwenyeji anampungukia na mgeni mwenye mtambo wa kuchenjulia anayetumia barabara hiyo hiyo.

*

Balozi za nje huwaandikia raia wao tahadhari za safari, na huku wapo wanaozichukulia kama matusi. Sioni tusi. Serikali inayowaonya watu wake inatimiza wajibu, na natamani yetu ingetuandikia sisi pia. Ukizisoma vizuri utakuta barabara zinatajwa pamoja na wezi, na hapo zinasema kweli ambayo sisi tunaikwepa. Usiku wa Agosti 8, 2022, Mwakata, wilayani Kahama, trekta, magari ya abiria na lori vilikutana, na karibu watu 20 wakafa. Hakukuwa na jambazi. Nenda Katoro jioni uutazame mchomoko unavyojazwa: gari dogo la watu watano, wawili wamebanana kiti cha abiria mbele, wanne nyuma, mmoja kwenye buti na magunia, na mwingine amekaa kiti kimoja na dereva, goti lake likigusa gia. Mgeni hapandi hilo. Ana gari la kampuni na mkanda kiunoni. Anakutana nalo uso kwa uso kwenye kona. Mkanda wake haumlindi dhidi ya dereva aliyebanwa mkono.

Chini ya ardhi nako hali ni hiyo hiyo. Januari 2017 watu 15 walifukiwa na kifusi kwenye mgodi wa Nyarugusu, Watanzania 14 na Mchina 1, na wote walitolewa hai ndani ya siku chache. Oktoba 2015, Nyangarata, Kahama, walifukiwa wengine, wenyeji watupu. Walishahesabiwa kuwa wamekufa, hadi siku ya 41 walipopatikana watano wakiwa hai, waliokuwa wakila mende na mizizi. Kuna atakayeharakisha kusema tofauti ilikuwa ni yule mmoja. Mimi sisemi hivyo. Miamba haifanani, vina havifanani, na mitambo haipo karibu kila mahali. Lakini ninajua kilichowaokoa wale 14: kwamba uokoaji ulifanywa kana kwamba kila dakika ina thamani. Kasi hiyo iwekwe kuwa kawaida ya kila duara, na mgeni atakayefukiwa kesho ataikuta tayari.

*

Kuna pori ambalo limeshapitia yote niliyoyaandika. Kati ya Kahama, Runzewe, Nyakanazi na Biharamulo, baada ya wimbi la wakimbizi la mwaka 1994, silaha zilivuka mpaka na utekaji wa mabasi ukawa jambo la kutarajiwa. Mabasi yalisubiriana, yakahesabiwa, yakaondoka kwa msafara na askari wenye bunduki. Mwenye baiskeli na mkungu wa ndizi hakupewa askari. Ikaja Operesheni Kimbunga mwaka 2013, ikakamata majambazi na silaha, ikawafukuza pia watu waliokuwa wameishi na kuzaa hapa kwa miongo. Mwaka 2019 mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na mahali palipokuwa maficho pakawekewa lango la kupokea watalii. Oktoba 2023 mabasi yakaruhusiwa tena kusafiri usiku nchini, na Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, likafunguliwa. Anayetoka Mwanza kwenda Geita hasubiri tena kivuko.

Wageni watakuja, na ni vizuri waje. Kabla hatujawanunulia magari ya doria yenye nembo ya utalii, ningependa makamanda wa polisi wa Shinyanga na Geita watangaze kila mwezi, kijiji kwa kijiji, ni wangapi wameuawa, kuporwa au kugongwa barabarani, na kesi ngapi zimefika mahakamani. Waanze na mwenye baiskeli na ndizi zake. Njia ya kutoka Runzewe anaipita kila alfajiri, peke yake, saa mbili kabla gari la kwanza la watalii halijawashwa.