Kabla jirani hajamwita wakili

Habari hii imetokea katika nyumba nyingi, basi isimuliwe kama ya nyumba moja, pale Maisaka mjini Babati. Mama anauza nafaka sokoni, baba ana ekari chache za mbaazi upande wa Bonga. Binti yao wa pili amesoma sheria. Siku ya mahafali wazazi walisafiri hadi Dar es Salaam, picha zikapigwa, na aliporudi nyumbani alichinjiwa mbuzi. Tangu siku hiyo mtaa mzima humwita Wakili, na mama yake ni Mama Wakili.

Jumamosi moja jirani akaja na karatasi mkononi. Ameuziana kiwanja na shemeji yake, anataka mkataba.

"Wakili wetu si yupo? Atuandikie, agonge na muhuri, tutampa ya soda."

Binti akasema hawezi. Jirani akadhani soda ni ndogo, akapandisha. Binti akakataa tena, kwa adabu, macho chini. Jirani alipoondoka mama akafoka: "Yule alikuchangia nauli ya kwenda chuo. Leo unamringia?"

"Mama, mimi si wakili. Na Law School nimepata sapu mbili."

"Sapu ni nini?"

Lilikuwa limefichwa miezi mitatu. Mama alijua binti amemaliza chuo, na kwamba mwaka uliofuata alikuwa Dar es Salaam "kwa mambo ya kazi". Hakujua kwamba ule mwaka ulikuwa shule nyingine, yenye mitihani yake, na kwamba bila kuivuka shahada haimfanyi mtu wakili.

Mzazi wa Babati asilaumiwe kwa kutojua hilo. Zamani habari za waliosoma sheria zilimfikia kwa redio, leo kwa simu, na siku zote hufika zikiwa zimeshaiva: fulani ameapishwa kuwa jaji, fulani kateuliwa balozi. Hakuna anayetangaza miaka ya katikati.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na sheria. Oktoba 25, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilifunguliwa kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo hicho kimoja na wanafunzi 14. Miongoni mwa waliosoma sheria hapo miaka ya mwanzo ni Joseph Warioba, aliyehitimu 1966. Uwaziri mkuu aliupata 1985. Julie Manning alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na 1975 akawa Waziri wa Sheria, wakati baraza la mawaziri lilipopata wanawake kwa mara ya kwanza, yeye na Tabitha Siwale. Asha-Rose Migiro alisoma hapohapo, akaenda Ujerumani kuchukua shahada ya uzamivu, akarudi kufundisha. Dunia ilimjua 2007 alipokuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, lakini kabla ya hapo kulikuwa na miaka mingi ya kusahihisha mitihani ya watoto wa watu, kazi isiyopigiwa vigelegele na mtu yeyote.

Anayefundisha zaidi kuhusu muda ni Mkenya. Willy Mutunga alipata shahada ya sheria Dar es Salaam mwaka 1971. Alirudi kwao akawa mwalimu wa chuo, na mwaka 1982 serikali ya Rais Moi ikamweka kizuizini bila hukumu ya mahakama. Mama yeyote aliyemsomesha mtoto sheria kisha akasikia amefungwa angejiuliza fedha zake zilikwenda wapi. Mwaka 2011 Mutunga aliapishwa kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Kutoka shahada hadi kiti hicho ilikuwa miaka 40, na kama ungeandika habari zake mwaka 1983, ungeandika habari ya mtu aliyeharibikiwa.

Wazee hao hawakupita njia inayopitwa na vijana wa leo. Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, ambayo kila mtu huiita Law School, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi 2008. Mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili hupita hapo. Mafunzo ni kama mwaka mmoja: sehemu darasani, sehemu mahakamani na katika ofisi za mawakili. Hufundishwa kuandaa nyaraka, kuendesha kesi za madai na za jinai, kuhoji shahidi, maadili ya kazi. Akifaulu ndipo anaomba kupokelewa, na Jaji Mkuu ndiye anayemwapisha. Matangazo mengi ya ajira za uhakimu mkazi na uwakili wa serikali nayo yanadai cheti cha hapo.

Na mtihani wake si wa kubahatisha. Oktoba 2022 matokeo yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na 265 wakaondolewa, au kama wanavyosema wenyewe, walidisco. Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wengine walisema vyuo vinatoa shahada kwa watoto wasioiva, wengine wakasema taasisi ndiyo inayokaba, na lugha ya Kiingereza nayo ikatajwa. Mjadala ule ulikuwa wa wakubwa. Nyumbani kulikuwa na vijana zaidi ya 600 waliohitaji kuwaeleza wazazi wao jambo fulani, na wengi wao walikuwa tayari wanaitwa Wakili mtaani.

Jina hilo si la mchezo. Sheria ya mawakili inamkataza asiyepokelewa kujifanya wakili au kuandaa mikataba kwa malipo, na anayefanya hivyo ametenda kosa. Mtaani anaitwa kishoka. Vijana wengi huingia ukishoka bila kuukusudia, kwa kumstahi jirani. Huanza na mkataba mmoja wa kiwanja, shilingi 20,000 na muhuri wa kuazima kwa rafiki. Baadaye kiwanja kina mgogoro, mkataba unafika mahakamani, na swali la kwanza ni nani aliuandika. Anayeombea kijana wake kazi ya sheria ajue kwamba doa la namna hiyo linaweza kumzuia asipokelewe hata akifaulu kila somo. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili, ambamo mtu yeyote mwenye simu anaweza kutafuta jina la wakili aone kama lipo. Kwa hiyo binti wa Maisaka hakuwa anaringa. Alikuwa analinda kazi ambayo bado hajaipata.

Upande wa fedha, wengi huhesabu miaka ya chuo wakasahau huu mwaka wa baada ya chuo. Ni ada nyingine, chumba kingine Dar es Salaam, nauli za daladala, na suti, maana mahakamani mtu haendi na nguo za kushindia. Bodi ya Mikopo siku hizi ina mwongozo kwa wanaosoma Law School, lakini kuomba si kupata, na ni vizuri familia izungumze hesabu hiyo kijana akiwa bado mwaka wa pili au wa tatu chuoni. Babati wanajua jinsi mavuno yanavyoweza kumsaliti mtu. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei ilianguka, na gunia lililotarajiwa kulipa ada likabaki stoo. Binti huyu alikuwa kidato cha nne mwaka huo, na ada ilitoka kwa kuuza ng'ombe.

Pia macho yatazame karibu. Zamani kesi ya Mahakama Kuu ilimpeleka mtu wa Babati hadi Arusha, karibu kilomita 170. Leo Mahakama Kuu ina masjala ya Manyara papa hapa mjini, na inahitaji mawakili, makarani na wasaidizi wa majaji. Kuna hakimu wa mahakama ya mwanzo anayesikiliza mirathi na ndoa kwa Kiswahili tangu asubuhi, mjane akatoka na haki yake kabla ya jua kutua. Huyo naye alisoma sheria. Jina lake halitasomwa kwenye taarifa ya habari, na mama yake huenda bado anawaeleza watu kwamba mwanawe "bado anatafuta kitu kikubwa".

Maisaka, usiku ule, chakula kilipoa. Baba alikuwa amesikia yote akiwa nje, akaingia, akaketi. Hakuuliza kwa nini alifichwa. Aliuliza hayo masomo mawili ni yapi. Binti akayataja: moja la kuandaa nyaraka, jingine la kesi za madai.

"Wale mliokuwa nao wamefaulu?"

"Wachache, baba. Mmoja aliondolewa kabisa. Hajawaambia kwao."

Mama alikuwa kimya, anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Kisha akauliza kurudia ni lini na ni kiasi gani. Binti akataja. Mama akahesabu kwa vidole, akamtazama mumewe, akasema magunia mawili ya mbaazi yasiuzwe mwezi huu, yasubiri bei.

Asubuhi alipita kwa jirani kabla ya kwenda sokoni. Alimweleza kwamba mwanawe hajaapishwa, kwamba ana mtihani wa kurudia, na kwamba mkataba wa kiwanja aupeleke kwa wakili mwenye ofisi mjini. Jirani akauliza sasa wamwiteje.

"Mwite jina lake," mama akasema, akajitwisha kapu.